Sentimita Sita

Tarehe 4 Februari

Dada,

Najua huko hospitalini kwenu mtu hapati simu mpaka apande juu ya tangi la maji, kwa hiyo nimerudi kwenye barua za basi. Uitazame vizuri hii. Nimeiandika chumba cha uani, imetokea sebuleni kwa mama, na katikati kuna jiko, ukumbi na ule mlango unaogoma.

Si unakumbuka mgongo ulivyomgomea mama, akashindwa kupiga magoti sakafuni kuchora? Michoro yake yote niliihamishia kwenye kompyuta yangu, hii ninayochorea ramani za nyumba. Mteja akija mama anampima, ananiletea vipimo, mimi naviingiza, karatasi zinatoka moja moja, yeye anaziunganisha kwa gundi, anazilaza juu ya kitambaa, anakata. Mwaka mzima tumekwenda hivyo na hakuna aliyelalamika.

Tatizo lilikuwa sebule. Mimi, printa na mafundi ujenzi wangu upande huu, mama na cherehani na wanawake wanaojaribu nguo upande ule. Juzi fundi bomba aliingia bila hodi, akatoka mbio kuliko alivyoingia. Nikaona yatosha, nikahamia uani. Ila karatasi anayezitumia zaidi ni mama, hivyo printa ikabaki kwake. Nikamwekea ile kompyuta kuukuu niliyoipata ofisi moja ilipofungwa, nikaichomekea printa, kisha nikaanza kazi ya kuzifanya hizi kompyuta mbili zijuane.

Siku mbili zilikataa hata kusalimiana. Mara yangu inaiona ya mama lakini haioni printa. Mara inaiona printa lakini inaambiwa haina ruhusa ya kuitumia, printa niliyoinunua mwenyewe. Kumbe kila moja ilikuwa kwenye kundi lake, na ya mama ilikuwa imefunga mlango kwa wageni wote wa mtandaoni. Nikaziweka kundi moja, nikafungua mlango, nikaishirikisha printa ili zote mbili ziitumie. Nikabonyeza nikiwa uani, nikasikia mama anaita, "Huku kuna kitu kinatapika karatasi."

Sharti ni moja tu: kompyuta ya mama iwe inawaka, maana kila kitu kinapitia kwake. Naye anaizima kila saa, anasema inamkodolea macho. Ikibidi natoka uani nabweka, "Mama, washa!" Naye: "Uliniambia haitaki waya. Mbona mdomo wako ndio umekuwa waya?"

Anakusalimu. Anauliza umenenepa au ndio vilevile.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 11 Machi

Mwanangu mkubwa,

Hii naiandika kwa mkono na nitaipeleka stendi mwenyewe. Mdogo wako asijue. Si siri kubwa, ila yeye ana maneno mengi na mimi sina nguvu ya kumjibu.

Nina jirani hapa. Humjui, kahamia majuzi. Ni mshonaji kama mimi na umri wetu unalingana. Amenieleza jambo nikasema nitamuulizia binti yangu, yeye ni muuguzi, anaona watu wa kila namna.

Huyu mwenzangu ameanza kuharibu nguo. Si zote, na hapo ndipo panapomtisha. Leo anakata gauni, linamkaa mtu sawasawa. Kesho anakata jingine, mwenyewe halimpiti mabegani. Anamrudia mteja na futi, vipimo ni vilevile alivyoandika. Macho anayo, uzi anautunga bila miwani. Ina maana anakosea pale katikati, anapokata, na wala hajijui kama anakosea. Anasema anapokata anajiona yuko sawa kabisa.

Sasa anauliza: huo ugonjwa wa kusahau huanzaje? Unaanza na majina, au unaweza kuanzia mikononi?

Nilimsimulia habari za bibi yako. Alivyoshona shati la babu yako akaifunga mikono kule mwisho, mkono hautoki. Tulicheka siku nzima, na yeye alicheka. Baada ya mwaka hakujua mimi ni nani. Kile kicheko sijajisamehe hadi leo.

Nijibu, ili nimpelekee jirani.

Mama yako


Tarehe 21 Machi

Dada,

Kaa chini usome. Nyumbani hakuko sawa.

Mama alipata kazi ya magauni ya kwaya, wanawake ishirini na wawili. Amepima kila mmoja, nimechapa kila mmoja, mwezi mzima cherehani haikupumzika. Jumapili wakayavaa kwa mara ya kwanza. Walipoingia walikuwa wamependeza, wamebana lakini wamependeza. Mwalimu wao akanyanyua mikono, wakavuta pumzi ya kuanzia, na hapo ndipo mishono ilipoanza kuachia, Dada. Ubavuni, kwapani, mgongoni. Nilitaka kucheka mpaka nikamwona mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na macho yake hayakuwa yanatazama kwaya, yalikuwa yanatazama mikono yake.

Jumatatu mwenyekiti wa kwaya akaja na magauni yote kwenye mashuka mawili. Hakutukana, ni mtu mzima, ila alisema, "Mama, tungejua umechoka tungekuacha upumzike." Mama akasema kwa sauti ndogo, "Labda zile karatasi." Mimi nikasimama. Nilisema kompyuta haikosei. Nilisema inachora milimita kwa milimita, kwamba nachora nyumba za watu kwa kompyuta hiyohiyo na hakuna iliyoanguka. Nikamalizia, "Mama, tukubali tu, mikono imechoka." Nilisema hayo mbele ya mwenyekiti. Nilidhani nasaidia, ili yule mwenyekiti asione tunatafuta visingizio.

Tangu siku hiyo hajabishana na mimi kwa lolote, na wewe unajua hiyo si kawaida. Namwomba chumvi, ananipa chumvi tu, bila neno la ziada.

Tufanye nini?

Kitinda


Tarehe 27 Machi

Mama, shikamoo.

Nimepata barua yako na nimepata ya Kitinda. Usimkasirikie, ameandika kwa kuogopa. Kwa hiyo kuhusu yule jirani, mama, mwambie kwamba namfahamu tangu sijazaliwa, na hana haja ya kunificha.

Sitakudanganya. Mambo haya huweza kuanza namna nyingi, na kwa kuwa bibi alikuwa nayo, lazima tuangalie. Hapa kwetu kuna daktari mtulivu, anauliza maswali na wala hachomi sindano. Njoo ukae kwangu. Nina chumba, nina kitanda kizuri, mchana nitakuwa kazini lakini jirani zangu ni watu wazuri. Ukionekana huna kitu, utarudi. Ukiwa nacho, utabaki na mimi nikutunze.

Ila mkasi uuweke pembeni kwanza, mama. Usijiumize.

Binti yako


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Nimekuelewa. Nitakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, Kitinda ameshachukua tiketi.

Kazi nimeacha. Nimewarudishia watu vitambaa vyao, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nimesema mwenyewe kwa mdomo wangu: sioni tena vizuri nifanyalo, tafuteni fundi mwingine. Wanawake wa kwaya nimewafuata wote. Wengine walilia. Mmoja alinipa pole ya msiba, akasahau kwamba maiti ndiye anayempa mkono.

Cherehani nimeifunika. Mshonaji wa barabara ya pili anaitaka, nimemwambia asubiri kwanza.

Asubuhi naamka mapema najihoji. Nataja watoto wa dada zangu wote kwa kufuatana, nataja tarehe nilizowazaa ninyi, nahesabu kurudi nyuma kuanzia mia. Mpaka sasa sijakosa. Halafu najiambia, na ile mikono nayo ilidhani haikosi.

Nimeandika anwani yako kwenye kikaratasi, nakishonea ndani ya pindo la nguo ya safari. Nikipotea njiani watakiona. Nimekishona vizuri, nimerudia kukikagua mara tatu.

Usimwambie mdogo wako haya ya kikaratasi.

Mama


Tarehe 12 Aprili

Kitinda,

Jibu maswali yangu, utani weka pembeni.

Wiki hii wodini kwetu tumegundua mizani ya watoto ni mbovu. Mwezi mzima tumekuwa tukiwaambia kina mama watoto wamepungua. Mmoja tulimgombeza mpaka akalia, kwamba hamlishi mwanawe. Ilikuwa mizani. Tulivyojua ni hivi: ilikuwa inakosea upande mmoja, kila mtoto, kila siku, kwa kiasi kilekile. Mtu hakosei hivyo. Mtu aliyechoka leo anazidisha, kesho anapunguza.

Sasa niambie. Katika nguo zote zilizoharibika, kuna hata moja iliyotoka kubwa? Bibi alikuwa anashona mguu mmoja wa suruali mrefu na mwingine mfupi. Je, mama ana kitu cha namna hiyo? Na zile nguo zilizokaa sawa, alizikatia karatasi zipi, za sasa au zile za mwaka jana zinazoning'inia ukutani?

Chukua futi. Upime karatasi yenyewe. Usiipime kwenye kioo cha kompyuta, ipime ile iliyotoka kwenye printa.

Leo hii ukiipata barua hii, si kesho.

Dada yako


Tarehe 17 Aprili

Dada,

Sina haja ya kupima. Nimeshapima. Nilipima tarehe ishirini na tisa Machi.

Siku hiyo msimamizi mmoja wa ujenzi alinipigia simu ananifokea, ameweka rula kwenye ramani yangu na mlango umetoka mwembamba kuliko kipimo nilichouandikia. Nikabisha. Nikaenda mwenyewe. Mlango ulikuwa mwembamba. Nikarudi nyumbani nikachapa mstari wa sentimita mia moja, nikaunganisha karatasi, nikapima. Tisini na nne.

Chanzo ni siku ile nilipoishirikisha printa. Zamani, ikiwa imechomekwa kwangu, nilikuwa nimeiamuru ichape kila kitu kwa ukubwa wake. Ilipoanza kupitia kompyuta ya mama, nilidhani amri yangu inaifuata. Haikuifuata. Ilichukua mipangilio ya kompyuta ile, na kule ofisini ilikotoka walikuwa wameiamuru ipunguze kila ukurasa kidogo ili pembezoni pasikatwe. Kwa barua za ofisi ni sawa, nani atapima barua. Na kwa kuwa kurasa zote zinapungua pamoja, alama zinakutana vizuri kabisa kwenye gundi. Mama asingeweza kuona. Sentimita sita katika kila mia, Dada. Mwenye kifua kipana ndiye aliyeumia zaidi, na nguo zilizokaa sawa ni zile alizokatia karatasi za ukutani.

Nilirekebisha palepale. Ni alama moja tu, unaibonyeza na yote yanakwisha.

Halafu sikusema. Nilitoka uani nikiwa na karatasi mkononi, nikamkuta mama anakunja magauni ya kwaya. Nikakumbuka nilivyosimama mbele ya mwenyekiti, milimita kwa milimita. Nikasema nitamwambia baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema kesho. Kesho yake alikuwa ameshaanza kurudisha vitambaa vya watu, na nikaona sasa nikisema nitakuwa nimemwaibisha mara mbili. Kila siku inayopita inafanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi. Sijui nikueleze vipi. Sikuwa nataka aumie, nilikuwa naogopa uso wake.

Nakuomba usimwambie wewe. Niachie mimi. Nitasema kabla ya safari.

Kitinda


Tarehe 21 Aprili

Kitinda,

Barua yako nimeisoma nikiwa zamu, nikalazimika kutoka nje.

Mimi nilimwambia aweke mkasi pembeni asijiumize. Mimi, niliyesomea kazi hii, sikuuliza swali hata moja kabla ya kumhukumu. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu msafi.

Lakini mimi sikujua. Wewe ulijua, ukawa unamtazama.

Nakuachia, kwa sababu ni haki yake kulisikia kutoka kwako. Una mpaka Jumamosi saa ya basi. Akishuka hapa bila kuambiwa, nitamwambia mimi stendi hapahapa kabla hajaweka mzigo chini, na huko kwako usinisubiri kwa sikukuu wala kwa msiba.

Dada yako


Tarehe 26 Aprili

Mama yangu,

Naiweka hii kwenye mkoba wako ukiwa unafunga mlango. Nimeshindwa kwa mdomo. Nimejaribu jikoni, nimejaribu ukumbini, hata sasa hivi nimejaribu.

Huna ugonjwa wowote. Hukukosea hata gauni moja. Printa ilikuwa inapunguza karatasi tangu niliposhirikisha kompyuta hizi mbili, na aliyesababisha hayo ni mimi. Nimelijua tangu Machi, nikanyamaza.

Nisamehe, mama. Sijui nitaanzaje kukutazama.

Kitinda wako


Tarehe 3 Mei

Kitinda,

Dada yako alinipokea akiwa amejiandaa na maneno yake. Nikamwambia apumue, najua. Na ya kwake tumeshayamaliza, mimi na yeye, tulilia tukapika.

Barua yako niliikuta, lakini ilikuwa imechelewa. Nilijua tangu Ijumaa, siku moja kabla ya safari.

Unakumbuka nilikuomba unichapie karatasi za gauni la dada yako, nikasema za Februari zimechanika? Hazikuchanika. Nilitaka kumshonea kitu cha mwisho, nikaona nijaribu kwa karatasi mpya, huenda mkono ukatulia. Nikazilaza mpya juu ya zile za zamani, mwili uleule, vipimo vilevile, mchapaji yuleyule. Hazikulingana. Kila upande ile mpya ilikuwa imezidi. Nikachukua futi. Nilikaa na futi ile mpaka chai yangu ikapoa, nikamwaga nikachemsha nyingine, nayo ikapoa.

Halafu nikafikiria. Kama mashine ilikuwa inakosea na sasa haikosei, kuna aliyeirekebisha. Nikafungua lile kabati lako la ramani, zile ulizozichapa kisha ukazitupia humo. Chini ya kila ukurasa printa inaandika tarehe yenyewe. Tarehe ishirini na tisa Machi mstari mmoja umechapwa mara mbili, mmoja mfupi, mwingine mrefu. Kuanzia hapo mpaka Ijumaa ile nilihesabu siku ishirini na saba. Siku zote hizo umekula mezani kwangu.

Ningeweza kukushika shati palepale. Nilitaka nione utafanya nini. Stendi nilikuuliza, "Una neno lolote kabla sijaondoka?" Ukasema, "Safari njema, mama." Nilipanda ngazi za basi polepole makusudi. Kondakta alidhani ni miguu.

Sasa nikuambie usilolijua. Katika siku zile uliingia chumbani bila hodi nikaficha kitu chini ya mto. Ulicheka, ukasema, "Mama una mchumba?" Ilikuwa picha yako. Nilikuwa naandika nyuma yake jina lako, na kwamba wewe ni mwanangu wa mwisho, na kwamba ukija nisikuogope. Nilikuwa nimeshaandika ya dada yako. Nilifanya hivyo kwa sababu bibi yako alikuwa akiniona mlangoni anapiga kelele, na sikutaka nikufanyie wewe hivyo. Ulisimama hapo mlangoni ukiwa na jibu mdomoni, ukacheka, ukaondoka.

Kosa la mashine nimelisamehe Ijumaa ileile, kabla chai ya pili haijapoa. Kompyuta haikuwa na nia mbaya, wala wewe siku ile ya kwanza hukuwa nayo. Hili la pili bado. Nikiwa tayari nitakuambia, usiniharakishe na usimtume dada yako.

Kazi yako ni hii. Wanawake wa kwaya ni ishirini na wawili na wengine niliowarudishia vitambaa ni tisa. Nimekuandikia orodha nyuma ya ukurasa huu, kwa kichwa changu, bila daftari. Utapita nyumba zote kama nilivyopita mimi, kwa miguu, na utasema kwa mdomo wako. Mwenyekiti umuanze yeye. Usimtumie mtu karatasi. Magauni yaliyoko kwenye mashuka utayafumua mwenyewe mishono, polepole, kitambaa kisichanike. Kwapani na ubavuni huwa naacha akiba ya kitambaa ndani, tutaona yatakayookoka.

Cherehani mtu asiiguse. Kompyuta yangu iache inawaka.

Nitarudi ukimaliza nyumba ya mwisho.

Mama yako,
anayekumbuka kila kitu